Nguzo Mbele ya Duka, Punguzo Kwenye Bima

    Wewe uliye nyuma ya kaunta unapima sukari, usiache kazi yako. Endelea kupima, tega sikio tu, kwa sababu mazungumzo ya leo ni yako hasa.

Leo nataka tuzungumze juu ya nguzo. Nasema zile nguzo fupi za chuma na zege zinazosimamishwa mbele ya jengo ili gari lisiingie ndani, wala sizungumzii za stima. Pamoja na nguzo, tutazungumza juu ya bima. Swali letu ni hili: mfanyabiashara akitumia pesa zake kulikinga duka lake dhidi ya magari, je, kampuni ya bima haipaswi kumpunguzia kidogo ada anayolipa kila mwaka?

Nitagusa mambo matatu. La kwanza, hatari yenyewe. La pili, bima inalipa nini, na punguzo linapatikanaje. La tatu, yule ambaye hana bima wala nguzo, naye tumsaidieje. Shika hayo matatu: hatari, bima, na jirani.

Tuanze na hatari.

Hebu itazame ramani ya kwetu. Upande wa Makueni, barabara ya Mombasa inakatiza katikati ya maisha yetu. Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Kambu, Mtito Andei: miji hii imepangana kando ya lami, na malori mengi ya kutoka bandarini kwenda Nairobi, Uganda na Rwanda yanapita hapo mchana na usiku. Upande wa Kitui, mji wa Mwingi umekaa juu ya barabara ya Thika kwenda Garissa, na malori ya ng'ombe kutoka kaskazini mashariki yanapita karibu na milango ya maduka. Halafu ikaja lami ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui. Barabara imekuwa nzuri, mwendo umeongezeka, na biashara nazo zimeifuata lami hiyo.

Hakuna ubaya hapo, maana mteja yuko barabarani. Mwenye kuuza maembe, mwenye kuuza ndengu, fundi wa pancha, mwenye hoteli ya chai na chapati, wakala wa M-Pesa, wote wanataka kuonekana na anayepita. Sasa nikuulize, ndugu msikilizaji: kati ya kaunta yako na bampa ya gari linalopita, pana nini? Pana mtaro? Pana ukuta? Au pana meza ya nyanya na mama aliyeketi juu ya kreti?

Mnakumbuka yaliyotokea Londiani. Ilikuwa jioni ya tarehe 30 Juni, 2023, katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ya Kericho kwenda Nakuru. Lori lililobeba kontena liliacha njia, likagonga magari mengine, likawapitia wachuuzi na watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Kipchumba Murkomen, aliyekuwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi wakati huo, alisema masoko yaondolewe kando ya barabara kuu. Tulilia kama taifa, tukazika, na baada ya muda meza zikarudi barabarani, si Londiani peke yake. Zilirudi kwa sababu tumbo halingoji.

Lakini msikilizaji, nataka utenganishe aina mbili za ajali, maana hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa.

Aina ya kwanza ni ile ya Londiani: lori zito, mwendo mkubwa, mteremko, breki zimekataa. Aina ya pili haitoki hata kwenye habari. Dereva amekuja kwako kununua unga. Ameegesha Probox yake, pua imeelekea mlango wako. Akirudi, anataka kurudi nyuma, kumbe gia iko mbele. Au anadhani anakanyaga breki, kumbe mguu uko kwenye mafuta. Gari linaruka hatua mbili tu, likaingia kwenye kioo, kwenye rafu za soda, kwenye friji. Au pikapu ya kuleta mikate inarudi nyuma, inagonga nguzo ya baraza, na bati zote zinashuka.

Hakuna mwendo kasi hapo. Hakuna mlevi. Ni mguu tu umekosea. Na wewe mwenye duka umefunga wiki nzima, unaokota vioo.

Ajali ya aina ya pili ndiyo ambayo nguzo inaizuia. Nitalirudia hili baadaye, lakini liweke akilini tangu sasa: nguzo ya dukani ni ya gari dogo na mwendo mdogo.

Ukitaka kuona nguzo hizo, nenda kwenye kituo chochote cha mafuta, kiwe cha Emali au cha Mwingi. Tazama kando ya pampu. Utaona bomba nene la chuma limepindwa mfano wa mlango mdogo, miguu yake miwili imezama ndani ya zege, limepakwa manjano na nyeusi. Inama ulitazame vizuri. Rangi imebanduka upande mmoja, kwa kimo cha bampa. Kuna mikwaruzo ya rangi nyeupe, ya bluu, ya kijivu. Kila mkwaruzo ni gari lililotaka kuigonga pampu likazuiwa. Mwenye kituo hakungoja agongwe kwanza. Pampu yake ina kinga. Sasa wewe, rafu yako ya bidhaa na mtoto wako anayefanyia homuwaki hapo sakafuni, vina kinga gani?

Hiyo ndiyo hatari. Twende kwenye jambo la pili, bima.

Watu wengi huniambia hivi: "Gari likinigonga, lina bima. Bima ya gari italipa." Ni kweli kiasi. Kenya tunayo sheria inayomlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya watu wengine, ile tunayoiita third party, sura ya 405 ya sheria zetu. Lakini sikiliza vizuri. Sheria hiyo inalazimisha bima kwa ajili ya kifo na majeraha ya watu. Duka lako, friji yako, mifuko yako ya simiti, sheria haimlazimishi mwenye gari kuviwekea bima. Mikataba mingi huongeza mali ndani yake, sawa, lakini huwa na kikomo. Lori moja likiangusha maduka matano, huenda nyote mkajikuta mnagombania kikomo kimoja.

Na hata pale panapolipwa, njia ni ndefu. Unaenda polisi upate abstrakti. Unaandika barua ya madai. Unaitafuta kampuni ya bima ya lori, na huenda lori lenyewe limesajiliwa nchi jirani. Wakikataa, unaenda mahakamani. Tunashukuru kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini siku 60 bila duka ni siku nyingi kwa mtu anayelipa karo.

Kwa hiyo mwenye busara anakata bima yake mwenyewe, ya jengo na bidhaa. Na hapa nikupe kazi ya kufanya. Ukirudi nyumbani, toa ule mkataba wako wa bima ya moto. Usitazame ukurasa wa kwanza peke yake. Tafuta orodha ya majanga yanayolipiwa. Je, kugongwa na gari kumetajwa? Mikataba mingine ya moto huanza na moto na radi, halafu mengine huongezwa ukiyaomba: mafuriko, ghasia, kupasuka kwa mabomba, kugongwa na magari. Usipoomba, huna. Na soma pia kama gari lako mwenyewe, au la mfanyakazi wako, limeachwa nje, kwa maana mara nyingi huachwa.

Angalia kitu kingine: je, umeandikisha thamani kamili? Mali yako ikiwa ya milioni mbili, nawe ukaandikisha milioni moja ili ulipe kidogo, siku ya hasara usishangae kulipwa nusu ya hasara. Ukiharibikiwa na vitu vya laki nne, utapewa laki mbili. Hiyo ni kanuni ya kawaida ya bima, wala si hila ya wakala.

Sasa, punguzo. Kwa nini kampuni ya bima impunguzie mtu?

Kampuni ya bima inapanga bei kwa kuangalia mambo mawili: uwezekano wa hasara kutokea, na ukubwa wake ikitokea. Ukipunguza kimoja, umeipunguzia kampuni mzigo. Ndiyo maana mwenye vizima moto vilivyokaguliwa anaweza kupata bei nafuu kuliko asiye navyo. Mwenye grili, kengele ya wezi na askari wa usiku anatazamwa tofauti na mwenye kufuli moja. Mwenye gari aliyepita mwaka bila kudai fidia anapunguziwa mwaka unaofuata. Mazoea hayo yapo nchini, tunayajua. Basi ninachosema ni hiki: nguzo ya kuzuia magari iingie kwenye orodha hiyohiyo.

Je, kuna mahali wamefika huko? Ndiyo. Nchini Marekani kuna watu waliojikusanya chini ya jina la Storefront Safety Council, wanaokusanya taarifa za magari yanayoingia madukani, na wanasema jambo hilo hutokea zaidi ya mara 100 kwa siku katika nchi ile. Mwaka 2014 shirika la viwango la huko, ASTM, lilitoa njia ya kupima nguzo hizi: gari la tani mbili na robo hivi linagongeshwa kwenye nguzo kwa mwendo wa kilomita 16, 32 au 48 kwa saa, halafu wanapima gari limeingia umbali gani. Nguzo ikishapimwa hivyo, kampuni ya bima ina kitu cha kushika. Mkaguzi wake hatazami tena chuma kilichopakwa rangi akibahatisha, kwani anajua kimezuia nini. Ndipo mazungumzo ya punguzo yakapata miguu.

Kwetu Kenya, hakuna sheria inayoilazimisha kampuni ikupe punguzo kwa sababu ya nguzo. Ni mapatano. Na kwenye mapatano, anayeomba mapema ndiye anayesikilizwa. Naomba ulishike hili hata kama mengine yatakuponyoka: omba kabla ya kumwaga zege. Mwite wakala au dalali wako wa bima kabla fundi hajachimba shimo. Mwambie, "Nataka kuweka nguzo hapa, hapa na hapa. Mkaguzi wenu angependa ziwe za namna gani ili mnipunguzie?" Akikujibu, mwambie aandike. Ahadi ya simu haina mwenyewe siku ya hasara. Ukijenga kwanza halafu ukaomba baadaye, kampuni itakuambia hongera sana kwa kazi nzuri, na bei itabaki ilivyokuwa.

Hebu tufanye hesabu ndogo, isiyoumiza kichwa. Ni mfano tu. Tuseme unalipa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa bima ya duka. Umepunguziwa asilimia 10. Umeokoa 2,000. Je, 2,000 itanunua bomba la chuma, simiti, kokoto na siku ya fundi, kwa nguzo nne? Haitanunua. Itachukua miaka mingi punguzo hilo lirudishe gharama ya nguzo.

Sasa utaniuliza, "Basi, ndugu mtangazaji, mbona unatuchosha na punguzo lisilotosha hata nguzo moja?" Swali zuri. Jibu langu ni kwamba hakuna anayeweka nguzo ili apate punguzo. Anaweka nguzo kwa sababu ya yale ambayo bima hailipi. Bima ya kawaida hailipi siku ulizofunga duka, mpaka uwe umekata bima ya kupotea kwa mapato, na wengi hawana. Hailipi sehemu ya kwanza ya hasara, ile uliyokubali kubeba mwenyewe. Hailipi wateja waliozoea duka la jirani ulipokuwa umefunga. Na hakuna bima inayomrudisha mtu aliyesimama dirishani akisubiri chenji.

Punguzo ni ziada. Lakini ni haki yako kuliomba, maana kampuni inafaidika na zege lako kila siku. Na lina faida ya pili: linamleta mkaguzi dukani kwako. Akija atakuonyesha waya uliochakaa, mtungi wa gesi uliowekwa pabaya, na thamani uliyoandikisha chini ya ile halisi. Hayo peke yake yana bei.

Nadhani tuko pamoja hadi hapo. Hatari tumeizungumza, bima tunaendelea nayo. Kuna tahadhari nne kabla hujamwita fundi.

Tahadhari ya kwanza, usijidanganye juu ya nguvu ya nguzo. Nilisema nitarudi hapa. Gari lile la majaribio ya Marekani ni tani mbili na robo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu trela kubwa kabisa kufika tani 56. Hiyo ni takriban mara 25 ya uzito wa gari hilo. Na mwendo nao unazidisha: ukiongeza mwendo maradufu, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Trela lililojaa, likija kwa kilomita 80 kwa saa, lina nguvu takriban mara 70 ya lile gari la majaribio kwa mwendo wake mkubwa kabisa. Nguzo zako nne za dukani zitafanya nini hapo? Zitang'oka. Kwa hiyo mtu asikuuzie nguzo kwa kukutajia Londiani. Dhidi ya lori lililokosa breki, kinga ni umbali, ni vyuma virefu vya kingo za barabara, ni kona zilizorekebishwa, ni breki zilizokaguliwa. Kazi hizo ni za wenye barabara na wenye malori.

Tahadhari ya pili, msingi. Nguvu ya nguzo iko zaidi chini ya ardhi kuliko juu. Fundi akikuambia futi moja inatosha, mtafute mwingine. Bomba nene lijazwe zege ndani, lizame kwenye msingi wa zege wenye kina kizuri, na kama kuna nguzo kadhaa, ziunganishwe chini kwa vyuma. Pale ambapo udongo ni ule mweusi, unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua zikija, msingi mfupi utalegea msimu wa kwanza. Kati ya nguzo na nguzo acha nafasi ya mita moja na kidogo: kiti cha magurudumu kipite, mama na mtoto mgongoni wapite, gari lisipite. Na yale matairi ya zamani yaliyozikwa nusu na kupakwa chokaa, tunayapenda, yanapendeza. Lakini hayazuii gari. Yanamwonyesha dereva mpaka tu.

Tahadhari ya tatu, mahali. Ardhi iliyo mbele yako huenda si yako. Ni hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu, mwenyewe ni mamlaka iitwayo KeNHA. Mijini kuna KURA, vijijini kuna KeRRA, na barabara nyingine ni za kaunti. Sheria ya Barabara ya Kenya, ya mwaka 2007, inakataza kujenga kitu humo bila kibali. Mnaijua ile alama ya X nyekundu inayopakwa kwenye ukuta wa jengo linalopaswa kubomolewa. Ukiweka nguzo zako ndani ya hifadhi, siku tingatinga ikija itang'oa nguzo, na hutalipwa. Na mbaya zaidi, nguzo ngumu iliyo karibu mno na lami yaweza kumuua mwenye bodaboda aliyeteleza. Umekinga soda zako, umemdhuru mtoto wa mwenzako. Basi weka nguzo ndani ya ploti yako, na kama ni lazima ziwe nje, tafuta kibali kwa maandishi.

Tahadhari ya nne, masharti. Punguzo huja na sharti. Kampuni ikishakupunguzia kwa sababu ya nguzo, nguzo zinakuwa sehemu ya mkataba. Ukizing'oa ili lori la simiti liingie, ukasahau kuzirudisha, na gari likaingia wiki hiyo, wana sababu ya kukataa kulipa. Kwa hiyo zipige picha zikiwekwa, msingi ukiwa wazi, kabla ya kufukiwa. Weka risiti za vifaa na za fundi. Ikipata ufa au ikipinda, mwambie wakala, rekebisha. Na ukiona umenyimwa fidia bila sababu ya haki, ipo Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, inayopokea malalamiko ya wenye bima. Wengi hawajui. Sasa unajua.

Tumebakiwa na jambo la tatu, jirani.

Msikilizaji, hadi hapa nimezungumza na mwenye duka la mawe. Lakini ukienda Sultan Hamud au Mwingi, aliye karibu zaidi na magurudumu ni mama mboga, ni kijana wa mahindi ya kuchoma, ni wanabodaboda waliopanga pikipiki zao wakisubiri abiria. Hawana bima ya mali. Hawana ploti ya kuweka nguzo. Asilimia 10 ya kitu ambacho huna ni kiasi gani? Ni sufuri. Tukiishia kwenye punguzo, tutakuwa tumemkinga aliye ndani na kumwacha aliye nje.

Je, tufanyeje? Nina mapendekezo matatu, na yote yanahitaji watu kukaa pamoja.

Kwanza, turudi kwenye mwethya. Huku Ukambani hatuhitaji mgeni atufundishe kufanya kazi kwa pamoja. Mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni, yanayotupa maji kiangazi, mengi yamejengwa na vikundi vya wanakijiji vilivyobeba mawe na mchanga kwa mikono. Kikundi kilichoweza kuufunga mto wa msimu kinashindwaje kukinga mstari mmoja wa maduka? Wenye maduka 10 wakiomba pamoja, fundi atawapa bei moja, simiti itanunuliwa kwa jumla, na wakala wa bima atafanya ukaguzi mmoja. Na hapo ndipo punguzo linapoanza kuwa na uzito. Mtu mmoja akiomba, anaambiwa arudi kesho. Mtaa mzima ukiomba, kampuni inatuma gari. Na meza za akina mama zipangwe nyuma ya mstari huo, zisiachwe mbele yake.

Pili, vyama na sacco. Tangu mwaka 2020 Kenya ina kanuni za bima ndogo, zilizowekwa ili kampuni ziweze kuuza bima ya bei ndogo, yenye maneno machache, kwa watu wa kipato kidogo. Chama cha wachuuzi wa soko kinaweza kuitafuta kwa pamoja: bima ya majeraha, ya kifo, ya bidhaa. Mwenyekiti wa soko unayenisikiliza, hilo ni lako. Mwite wakala siku ya mkutano, mumhoji mbele ya wote.

Tatu, serikali. Kaunti zetu zinatoza ushuru wa soko kila siku ya soko. Anayelipa ushuru ana haki ya kuuliza: soko letu liko umbali gani na lami? Kuna ukuta au mtaro wa kutukinga? KeNHA nao waulizwe kuhusu vyuma vya kingo pale penye makazi na miteremko, kama ilivyo Salama. Swali hilo liulizwe kwenye vikao vya bajeti, pale wananchi wanapoitwa kutoa maoni. Tukikosa kwenda, fedha zitapangwa na waliokwenda.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kando ya barabara kuu, msikilizaji, ukuta unaweza kujengwa tena kwa pesa za bima. Waliokuwa nyuma ya ukuta hawajengwi tena.

Basi nifupishe, maana muda wetu unayoyoma. Nimesema hatari ziko mbili: lori la mwendo kasi, ambalo dawa yake ni umbali na kazi ya wenye barabara, na gari dogo la mguu uliokosea, ambalo dawa yake ni nguzo. Nimesema bima ya gari la mtu haitoshi kulinda mali yako, kwa hiyo uwe na yako, na uhakikishe kugongwa na gari kumeandikwa ndani. Nimesema punguzo halitalipa nguzo, lakini ni haki yako kuliomba, na uombe kabla ya kumwaga zege. Na nimesema mtaa ukiomba kwa pamoja, unasikika.

Wiki hii fanya haya. Mpigie wakala wako, umuulize maswali matatu: Je, kugongwa na gari kumo kwenye mkataba wangu? Nikiweka nguzo mnazozikubali, mtanipunguzia kiasi gani, na mtaandika? Tukija wenye maduka 10, bei itakuwaje? Akikosa majibu, mpe hadi wiki ijayo. Akikosa tena, kampuni za bima ni nyingi.

Mimi niishie hapo. Dereva unayetusikiliza ukiwa njiani, punguza mwendo ukikaribia mji, na ukiegesha mbele ya duka, tazama gia kabla ya kuachia breki.